Mtafiti wa kesho yuko wodini leo, tumlee

Ndugu msomaji, kama umewahi kulazwa au kuuguza mtoto katika hospitali ya kufundishia, iwe Muhimbili, KCMC, Bugando au nyingine, huenda uliwahi kufuatwa na daktari kijana mwenye karatasi mkononi. Hakuja kukuandikia dawa. Alikusalimia, akajitambulisha kuwa anasoma shahada ya uzamili, akakuomba dakika chache akueleze utafiti wake. Mwishoni akakupa fomu uweke saini au dole gumba.

Wengi huweka saini kwa kuheshimu koti jeupe. Wengine hukataa kwa hofu. Wachache sana huuliza: utafiti huu ukiisha, kinafuata nini? Wiki hii nataka tulishike swali hilo, kwa sababu jibu lake linagusa matibabu atakayopata mwanao miaka kumi au kumi na mitano ijayo.

Kwanza tuelewane maneno. Uzamili ni shahada ya pili, ambayo daktari huisoma ili awe bingwa wa watoto, wa upasuaji, wa magonjwa ya wanawake na kadhalika. Wapo pia wanaoisoma katika fani za maabara, dawa na afya ya jamii. Uzamivu ni shahada ya juu zaidi, ile ambayo wengi wanaijua kwa jina la PhD. Uzamili humpa mtu ubingwa na kumwonjesha utafiti. Uzamivu humfundisha kutafuta jibu ambalo bado halimo katika kitabu chochote. Kati ya shahada hizo mbili kuna daraja, na msimamo wangu ni kwamba daraja hilo kwetu ni bovu, na anayelipa gharama ya ubovu huo ni mgonjwa.

Linakuhusu nini?

Chukua mfano wa dripu. Kwa miaka mingi, miongozo ya matibabu ya dharura ilielekeza kwamba mtoto aliyefika hospitali na homa kali, mikono na miguu ikiwa baridi na mapigo yakiwa dhaifu, apewe maji mengi ya dripu kwa haraka. Ilionekana ni jambo lililo wazi: damu haizunguki vizuri, basi ongeza maji. Lakini maelekezo hayo yalitokana zaidi na uzoefu wa nchi tajiri, ambako mtoto wa namna hiyo huingizwa chumba cha wagonjwa mahututi chenye mashine ya kumsaidia kupumua. Je, yanafaa katika wodi isiyo na mashine hizo, kwa mtoto mwenye malaria na upungufu wa damu?

Kuanzia mwaka 2009, madaktari watafiti katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, ikiwamo Hospitali Teule ya Muheza mkoani Tanga, waliamua kulipima swali hilo. Waliongozwa na Profesa Kathryn Maitland, ambaye kituo chake cha kazi kilikuwa Kilifi. Watoto 3,141 walishiriki. Baadhi walipewa maji mengi kwa haraka na wengine hawakupewa, ila wote waliendelea kupata matibabu mengine. Januari 2011 utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake. Ndani ya saa 48, watoto waliopewa maji kwa haraka walifariki kwa kiwango cha takriban asilimia 10.5, na wasiopewa kwa asilimia 7.3. Kwa lugha nyepesi, katika kila watoto 100, kama watatu zaidi walipoteza maisha kwa sababu ya tiba ambayo kila mtu aliamini inaokoa.

Naomba usinielewe vibaya. Mtoto anayeharisha na kuishiwa maji mwilini anahitaji maji, na utafiti ule haukumhusu yeye. Usikatae dripu kwa sababu ya makala haya. Muulize daktari wako ni ya nini, naye atakueleza.

Ninachotaka ukione ni jambo jingine. Swali lile halikuulizwa na mtu aliyekaa mbali. Liliulizwa na watu waliokesha katika wodi zetu wakawaona watoto wetu. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Maswali ya magonjwa yetu yatasubiri mpaka tuwe na watu wa kuyauliza.

Mfano wa pili uko Muhimbili. Profesa Julie Makani alisomea udaktari hapo, akaenda Uingereza kuongeza ujuzi, lakini utafiti wake wa uzamivu aliufanyia nyumbani, kuhusu selimundu. Mwaka 2004 yeye na wenzake walianza kuandikisha wagonjwa na kuwafuatilia. Kufikia mwaka 2009 walikuwa wameandikisha zaidi ya 1,700. Ndipo likapatikana jibu lenye takwimu za hapa kwetu kuhusu wagonjwa wanaofariki ni akina nani na kwa nini. Ilionekana kwamba walio hatarini zaidi ni watoto wa chini ya miaka mitano. Mzazi unaposikia tukisisitiza mtoto apimwe selimundu mapema, jua kwamba msisitizo huo una utafiti nyuma yake, na utafiti huo ulianza na daktari mmoja aliyekuwa mwanafunzi.

Safari ya mtafiti mmoja

Hebu tupige hesabu. Kijana anaingia chuo cha udaktari akiwa na miaka 20. Anasoma miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo. Sasa ana miaka 26. Akifanya kazi miaka miwili kisha akasoma uzamili miaka mitatu, ana 31. Uzamivu hauwezi kupungua miaka mitatu, na wengi huchukua minne au zaidi. Huyo atamaliza akiwa na miaka 35 au 36, na hapo ndipo anaanza kujitegemea kama mtafiti.

Katika safari hiyo, mahali anapogusa utafiti kwa mikono yake mwenyewe kwa mara ya kwanza, mara nyingi, ni kwenye uzamili. Hapo huandika andiko lake, hupitia kamati ya maadili, huzungumza na wagonjwa, hukusanya takwimu na kuandika tasnifu. Akifundishwa vizuri hapo, uzamivu utakuwa ni hatua inayofuata. Akifundishwa vibaya, atauchukia utafiti maisha yake yote, au, vibaya zaidi, atauendeleza bila kuujua.

Daraja linapobomokea

Nimefundisha na kusimamia wanafunzi wa uzamili kwa miaka kadhaa, na matatizo ninayoyaona yanajirudia. Mwanafunzi huchagua mada dakika za mwisho, akitafuta iliyo rahisi na isiyo na gharama. Msimamizi wake ana wanafunzi wengi, kliniki, zamu na vikao, hivyo wanaonana kwa kuviziana kwenye korido. Takwimu zikishakusanywa, humlipa mtu amfanyie uchambuzi, na siku ya kutetea tasnifu hawezi kueleza namba alizoziandika mwenyewe. Tasnifu inafungwa jalada gumu, inawekwa kwenye rafu ya maktaba, na hapo inalala.

Fikiria maana yake kwako wewe uliyeweka saini. Ulitoa muda wako ukiwa mgonjwa. Pengine ulitoa damu ya mwanao. Kilichopatikana hakikuchapishwa katika jarida la kisayansi ambako madaktari wengine wangekisoma, na hata wodi yenyewe haikurudishiwa majibu. Mwaka unaofuata mwanafunzi mwingine anakuja na karatasi nyingine na swali lilelile. Kisha tunashangaa kwa nini watu wana hofu, na kwa nini hadithi za mumiani bado zina wasikilizaji. Anayechukua damu ya watu asirudi kuwaeleza alichokiona, anajitafutia sifa hiyo.

Kwa wale wachache waliofanya vizuri na wanaotaka kuendelea, ugumu ni wa aina nyingine. Siku baada ya kuhitimu wanarudi vituoni mwao, na hakuna anayewauliza tena kuhusu utafiti. Nafasi ya uzamivu ikitangazwa inataka andiko zuri, chapisho angalau moja, na barua ya profesa anayekufahamu. Kijana aliye hospitali ya wilaya, mwenye wagonjwa foleni mpaka jioni, atayapata wapi hayo?

Nini kifanyike

Si lazima kila kitu kisubiri fedha nyingi. Mambo manne yanawezekana.

Kwanza, mada ya mwanafunzi itoke kwenye utafiti unaoendelea. Idara ikiwa na maswali yake makubwa matatu au manne, mathalani kifafa cha mimba, usugu wa dawa za antibiotiki au kisukari, kila mwanafunzi achukue kipande chake. Huyu anamalizia alipoishia yule, na baada ya miaka mitano idara ina jibu, badala ya kuwa na tasnifu hamsini zisizosalimiana.

Pili, afundishwe kazi yenyewe. Achambue takwimu zake mwenyewe, hata kama ni polepole. Ajue sampuli inatunzwaje isiharibike. Kila wiki akae na wenzake wasome makala moja ya kisayansi na kuibomoa: wamepima nini, wamemwacha nani, namba zao zinasema wanachodai? Na ajifunze kuandika. Wahitimu wetu wengi wana mawazo mazuri ambayo hayajawahi kutoka kichwani. Tena asiishie kuandika Kiingereza cha majarida. Aweze kumweleza bibi aliyeshiriki utafiti, kwa Kiswahili fasaha, alichokiona.

Tatu, kuwe na daraja la kulipwa kati ya uzamili na uzamivu. Mwaka mmoja au miwili ya ajira ndani ya timu ya utafiti, ambamo kijana anachapisha tasnifu yake na kuandaa andiko la uzamivu akiwa na mtu wa kumwongoza. Njia nzuri tunazijua. Taasisi ya Afya Ifakara na Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika ya Nelson Mandela ya Arusha wana shahada ya uzamili ya utafiti wa afya ya jamii, ambayo wanafunzi wake husomea Bagamoyo, mahali ambapo tafiti zenyewe zinafanyika. Bagamoyo hiyohiyo, pamoja na Korogwe, ni kati ya maeneo yaliyoijaribu chanjo ya kwanza ya malaria kuanzia mwaka 2009, hadi Shirika la Afya Duniani lilipoipendekeza Oktoba 2021. Mwanafunzi anayesoma karibu na kazi ya namna hiyo anajifunza mengi ambayo hayafundishiki ubaoni.

Vivyo hivyo, MUHAS kwa miaka mingi imeshirikiana na vyuo vya Sweden kwa utaratibu unaomwezesha mwanafunzi wa uzamivu kwenda huko kwa vipindi na kurudi nyumbani kufanya utafiti wake. Anajifunza mbinu mpya bila kuwaacha wagonjwa wake moja kwa moja.

Nne, fedha yetu wenyewe iwepo. Mwaka 2006 nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kila moja itenge angalau asilimia 1 ya pato lake la taifa kwa ajili ya utafiti na maendeleo. Nchi nyingi bado hazijafika hapo. Mwaka 2025, Marekani iliposimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, tuliona jinsi miradi ya utafiti barani Afrika ilivyoweza kusimama ghafla huku wagonjwa na wanafunzi wakiwa katikati. Msaada ni mzuri, lakini mafunzo ya watafiti wetu yasiwe kitu kinachoweza kuzimwa na mtu mwingine.

"Lakini madaktari hawatoshi"

Najua utaniuliza, daktari, wagonjwa tunakaa foleni tangu alfajiri, nawe unataka madaktari waende wakasome tena? Ni swali la haki.

Jibu langu lina sehemu mbili. Kwanza, si kila anayesoma uzamili awe mtafiti. Tunahitaji wapasuaji wanaopasua vizuri na madaktari wa watoto wanaokaa wodini. Wasiotaka utafiti wafundishwe kuusoma na kuutumia, inatosha. Tuwatambue mapema wale wachache wenye udadisi na uvumilivu, tuwawekee nguvu.

Pili, mtafiti mzuri wa tiba haondoki wodini. Maswali yake anayapata hukohuko, na majibu yake yanapunguza foleni. Daktari anayetibu wagonjwa mia kwa njia isiyofaa hajatusaidia kuliko yule aliyesimama akauliza kama njia hiyo inafaa. Rejea hesabu ya dripu uone.

Na nafasi si za uprofesa peke yake. Aliyefunzwa utafiti vizuri anahitajika NIMR, katika mamlaka ya dawa na vifaa tiba inayokagua majaribio ya dawa nchini, katika maabara kubwa za hospitali, wizarani ambako miongozo ya matibabu huandikwa, na katika mifuko ya bima inayoamua dawa gani ilipiwe.

Wewe mgonjwa una nafasi yako

Ukifuatwa na mwanafunzi mtafiti, huna sababu ya kumkimbia wala ya kusaini ukiwa umefumba macho. Una haki zako, na kuzidai ni sehemu ya kumfundisha kazi. Muulize haya:

Unatafuta jibu gani? Akueleze kwa lugha unayoielewa. Akishindwa kukueleza, pengine na yeye bado hajaelewa.

Nikikataa, matibabu yangu yatabadilika? Jibu lazima liwe hapana. Na hata ukikubali leo, unaweza kujitoa kesho bila kutoa sababu.

Kamati gani ya maadili imeruhusu? Kila chuo kikubwa cha tiba kina kamati yake, na iko ya taifa chini ya NIMR. Fomu iwe na namba ya simu ya kupiga ukiwa na malalamiko, nawe ubaki na nakala yako.

Damu au sampuli itakaa wapi, na itatumika kwa nini kingine?

Matokeo nitayasikiaje? Hili ndilo swali ambalo halizoeleki kuulizwa. Liulize. Mwanafunzi akijua kwamba kuna mtu anasubiri jibu, atafanya kazi tofauti.

Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye anayesaini, lakini mtoto mkubwa anayeelewa naye aulizwe. Asishikwe kwa nguvu kwa ajili ya utafiti.

Wewe mzazi wa kijana anayesoma

Neno la mwisho ni kwa mzazi ambaye mwanawe amemaliza uzamili na sasa anasema anataka uzamivu. Najua kinachopita moyoni. Umeuza shamba, umelipa ada tangu chekechea, ulidhani sasa ni zamu ya kupumzika. Majirani wanauliza, huyu bado anasoma tu?

Usimkatishe tamaa, lakini usimruhusu aende kichwakichwa. Kaa naye umuulize: Msimamizi wako ni nani, na wanafunzi wake waliotangulia walimaliza? Ada na posho vinatoka wapi, na kwa miaka mingapi? Mwajiri wako amekuruhusu kwa maandishi? Swali lako la utafiti ni lipi, na nani atafaidika ukilijibu? Ukimaliza utafanya kazi wapi? Kijana mwenye majibu ya maswali haya yuko tayari. Asiye nayo ashauriwe atafute kwanza mwaka mmoja kwenye timu ya utafiti, ajionee.

Na kwa wazazi wa mabinti nina la nyongeza. Angalia tena ile hesabu ya miaka: kati ya 28 na 36 ndiyo miaka ambayo binti huyo huyo anatarajiwa kuolewa na kuzaa. Nimeona wasichana hodari, waliokuwa wa kwanza darasani, wakiacha utafiti kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumshika mtoto saa mbili jioni ili wamalize sura moja ya tasnifu. Vyuo na wafadhili wana wajibu wa kuongeza muda kwa mwanafunzi aliyejifungua. Lakini familia nayo ina wajibu. Mume anayebaki na watoto, mama mkwe anayesema "mwanangu, kasome, huyu niachie mimi," huyo naye amechangia utafiti wa taifa hili, ingawa jina lake halitaandikwa kwenye jarida lolote.

Tunaingiza dawa kutoka nje, tunaingiza mashine, hata glovu. Lakini mtu wa kuuliza kwa nini mtoto wa Muheza, wa Kilwa au wa Kasulu anakufa, na nini kingemwokoa, huyo hatuwezi kumwagiza. Lazima tumlee wenyewe, na malezi yake yanaanzia kwenye uzamili, pembeni ya vitanda vyetu. Chuo kimpe msimamizi mwenye muda, serikali impe nafasi ya kazi, nawe, ndugu msomaji, mpe ridhaa yako ukiwa umeelewa. Kisha mdai majibu.